Dripu ya Kwanza ya Saratani na Siku Zinazoifuata

Yako maradhi ambayo majumbani mwetu hutajwa kwa sauti ya kawaida, kama malaria, sukari na shinikizo la damu. Na yako mengine ambayo hutajwa kwa kunong'ona. Saratani ni katika haya ya pili. Ikiingia nyumbani, baba hufunga mlango kwanza ndipo amwambie nduguye, na mama aliyepatwa nayo hujitanda ushungi wake akaenda arusini kama kwamba hapana jambo. Walakin khofu ya maradhi yenyewe, kwa tuonavyo sisi, mara nyingi ni ndogo kuliko khofu ya dawa yake. Tumewasikia watu wazima, wenye akili zao na elimu yao, wakisema kuwa fulani hakuuawa na saratani bali ameuawa na dripu. Maneno haya yakisemwa barazani baada ya kahawa huonekana mepesi. Yakimfikia mgonjwa aliyekwisha andikiwa siku yake ya kwanza huwa mazito, na yaweza kumfanya asiende.

Basi tumeona yafaa kueleza katika kurasa hizi ni kitu gani hasa kinachompata mtu anapopewa dawa hiyo mara ya kwanza, kwa nini kinampata, na watu wa nyumba yake wafanye nini. Hatukusudii kumfundisha tabibu kazi yake. Tunakusudia zile siku 20 ambazo mgonjwa yuko nyumbani na tabibu hayupo. Na kwa kuwa dawa za saratani ni nyingi, wala taabu zake hazilingani, tutachukua mfano mmoja: mama mwenye saratani ya titi anayepewa pamoja dawa mbili, doksorubisini na saiklofosfamaidi. Saratani ya titi ni miongoni mwa zile zinazowapata wanawake wengi katika nchi zetu, na dawa hizi mbili zimetumika kwake kwa muda mrefu. Mwenye kupewa nyingine atakuta mengi ya humu yanamhusu, na machache hayamhusu. Amuulize daktari wake.

Watu husema dawa hii ni sumu. Hawakukosea sana. Asili ya saiklofosfamaidi ni gesi ya haradali, ile silaha ya vita. Madaktari waliona kuwa mtu aliyedhurika na gesi hiyo hupungukiwa na chembe nyeupe za damu, wakafikiri: kama inaua chembe hizo, huenda ikaziua na zile za saratani zilizo jamaa zao. Mwaka 1942, katika chuo kikuu cha Yale huko Marekani, walimpa mgonjwa wa kwanza dawa iliyotokana nayo, na uvimbe ukapungua, ingawa baadaye ulirudi. Kutokana na mlango huo zikapatikana dawa zilizo pole zaidi, na saiklofosfamaidi ikawa mojawapo katika miaka ya 1950. Doksorubisini nayo ilitoka kwa vijidudu vya udongo wa Italia, karibu na bahari ya Adriatiki, na ni nyekundu kama sharubati ya ukwaju uliotiwa rangi. Ndiyo maana wagonjwa huiita dawa nyekundu.

Wala asidhani mtu kuwa mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu, yakaletwa kwetu yakiwa tayari. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji mmoja kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliandika mwaka 1958 khabari ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye na wenzake waliwapa watoto hao dawa hizi, saiklofosfamaidi ikiwamo, na baadhi yao uvimbe uliyeyuka kwa siku chache mbele ya macho ya mama zao. Taasisi ya saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 juu ya kazi hiyo. Na pale Dar es Salaam, kandokando ya bahari, ile hospitali ya Ocean Road waliyoimaliza Wajerumani mwaka 1897 imekuwa taasisi ya saratani tangu 1996. Watu wetu wamekuwa wakitibiwa kwa dawa hizi kwa zaidi ya miaka 60.

Sasa dawa hii hufanyaje kazi? Chembe ya saratani huzaliana upesi upesi bila ya mpaka. Dawa huishambulia chembe inapokuwa katika hali ya kuzaliana. Lakini haina macho ya kuitambua chembe mbaya ikaiacha njema. Kila kinachozaliana upesi hupigwa. Na katika mwili wa mtu mzima wa afya viko vitu vinne vinavyozaliana upesi: mizizi ya nywele, ngozi laini ya kinywani, utando wa tumbo na matumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Msomaji akilishika neno hili moja, taabu karibu zote tutakazozitaja hazitamshangaza. Nywele hutoka, kinywa hufanya vidonda, tumbo huchafuka, damu hupungua. Kisha, kwa kuwa chembe njema zina nguvu ya kujijenga upya kuliko zile za saratani, mgonjwa hupumzishwa, mara nyingi wiki 3, ili mwili wake urudi kabla ya kupigwa tena.

Kabla ya siku yenyewe hupimwa damu, figo na ini, na kwa sababu ya ile dawa nyekundu hupimwa na moyo, kwani dawa hiyo ikizidi kiasi huudhoofisha. Hupimwa pia kimo na uzito, kwa maana kipimo cha dawa hukatwa kwa ukubwa wa mwili wake kama nguo inavyokatwa kwa fundi. Haifai mtu kumuuliza mwenziwe alipewa ngapi akalinganisha. Mwenye sukari aseme. Mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, aseme mapema wala asione haya, kwani dawa hizi humdhuru mtoto tumboni. Na mume na mke wanapaswa kuulizia njia ya kuzuia mimba kwa muda wote wa matibabu. Mwanamke ambaye bado ana matumaini ya kuzaa aulize pia juu ya uzazi wake kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu baadhi ya wanawake hukatikiwa na ada yao kwa sababu ya dawa, na wengine hairudi. Ni neno zito kulisikia, lakini ni afadhali kulisikia mapema.

Siku hiyo mgonjwa asiende na tumbo tupu, wala asile akavimbiwa. Chakula chepesi cha asubuhi chatosha. Aende na mtu. Tunalisisitiza hili, kwa sababu wako wanawake wanaokwenda peke yao wasipende kuwasumbua watu, kisha wakarudi kwa daladala usiku wakiwa na kichefuchefu. Hospitalini hutiwa kwanza dawa za kuzuia kutapika, ndipo hufuata zenyewe. Ile nyekundu muuguzi huisukuma polepole kwa bomba la sindano katika mshipa, na ile nyingine huteremka kwa dripu. Yote kwa pamoja huchukua saa chache, na sehemu kubwa ya siku hupotea katika kungoja.

Jambo moja la saa hizo halisubiri. Mgonjwa akihisi mahali palipochomwa panawaka, panauma au panavimba, aseme pale pale, hata kama muuguzi ana watu kumi mbele yake. Dawa nyekundu ikitoka nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake huchukua miezi. Heshima na kuvumilia ni tabia njema za mama zetu, lakini hapa si mahali pake.

Baada ya hayo hurudi nyumbani, na aghalabu hurudi akiwa mzima kabisa. Jirani humwona akitembea, naye husema moyoni, kumbe ni hivi tu? Wengi hudanganyika hapa. Saiklofosfamaidi haina pupa; taabu yake ya tumbo huweza kuanza baada ya saa 6 mpaka 12, na kichefuchefu kikaendelea siku kadhaa. Basi mgonjwa aliyepewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani avimeze kwa saa zake kama alivyoandikiwa, hata kama hahisi lolote. Kutapika kuna tabia hii, kwamba kukizuiwa kabla hakujaanza huzuilika, na kukianza kidonge hakikai tumboni. Tunajua mazoea yetu: mtu huviweka vidonge kabatini akisema nitavimeza nikizidiwa. Kwa dawa hii mazoea hayo yamewatesa watu bure.

Vidonge hivyo navyo vina yao. Ondansetroni hufunga choo na huweza kuumiza kichwa. Mgonjwa anywe maji, ale papai na mboga zilizopikwa, na ikipita siku ya tatu bila choo amwambie daktari. Deksamethasoni hufukuza usingizi na hutia njaa ya ajabu, kwa hiyo humezwa asubuhi pamoja na chakula. Nayo hupandisha sukari ya damu, ndiyo maana tulisema mwenye sukari aseme mapema. Asubuhi ya kwanza mgonjwa akienda msalani akaona mkojo mwekundu, asipige kelele. Si damu. Ni rangi ya ile dawa inayotoka, na kwa siku moja au mbili hukoma. Ukiendelea kuwa mwekundu baada ya hapo, au akahisi uchungu wakati wa kukojoa, hilo ni jambo jingine la kumpelekea daktari, kwani saiklofosfamaidi huweza kukichoma kibofu. Kwa hiyo siku hizo anywe maji mengi na asijizuie mkojo, hata usiku.

Chakula ni mlango wa magomvi mengi ya mapenzi. Mama mkwe amepika biriani kwa nia njema kabisa, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa imemfukuza mgonjwa mpaka uani. Siku hizi za mwanzo apikiwe mbali naye ikiwezekana, na chakula kisiwe cha moto sana, kwani kilichopoa hakina harufu kali. Ale kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani moja iliyojaa. Uji mwepesi, mkate mkavu, ndizi za kuchemsha, wali mweupe, viazi, mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, haya hukaa. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Wako wanaohisi kinywani ladha ya chuma; kijiko cha mti au cha plastiki huipunguza. Lakini kubwa kuliko chakula ni maji. Mtu aweza kukaa siku mbili akila kama ndege na asidhurike. Asiyeweza kukizuia hata kikombe cha maji tumboni kwa siku nzima arudishwe hospitali akatiwe dripu ya maji.

Kwa muda wa saa 48 baada ya dawa, mabaki yake hutoka katika mkojo, kinyesi na matapishi. Hapana haja ya kumtenga mgonjwa, wala saratani haiambukizi. Ale na wanawe, awakumbatie, alale kitandani mwake. Ila anayesafisha matapishi au kufua shuka zilizochafuka avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi, azifue peke yake, na choo kimwagiwe maji mara mbili. Mwanamke mwenye mimba asipewe kazi hiyo. Mume na mke nao waulize wauguzi juu ya siku hizo mbili. Haya hayana aibu katika dini, na wauguzi wamezoea kuulizwa.

Tumefika sasa katika jambo lililotusukuma kuandika, nasi twaomba msomaji aliyechoka apumzike kidogo kisha aendelee, asiruke.

Kichefuchefu kimekwisha. Imepita wiki. Mgonjwa anaanza kula, anacheka, watu wa nyumbani wanashukuru. Na ni katika siku hizi hizi za raha, kuanzia siku ya 7 hivi mpaka ya 14, ambapo chembe nyeupe za damu yake zimeshuka chini kabisa. Chembe hizo ndizo askari wa mwili. Dawa iliupiga uboho unaowatengeneza. Askari wa zamani wamekufa, wapya hawajatoka. Mgonjwa haoni dalili yoyote ya upungufu huo, wala hahisi. Vijidudu ambavyo kila siku hukaa katika ngozi yake na matumbo yake bila ya kumdhuru huweza sasa kuingia katika damu, na hapana wa kuvizuia. Mtu aliye hivi huweza kuwa mzima adhuhuri, akawa na homa magharibi, na kabla ya alfajiri akawa mahututi.

Kwetu sisi watu wa pwani na bara, homa ina jina moja tu. Ikiingia nyumbani, husemwa malaria. Mtu hutumwa duka la dawa, huja na vidonge vya malaria na vya kutuliza homa, mgonjwa hufunikwa shuka, huambiwa kesho asubuhi tutaona. Kwa mtu mwingine yeyote mazoea haya huweza kupita salama. Kwa mtu aliyetiwa dripu ya saratani siku 10 zilizopita, hiyo kesho asubuhi ndiyo inayoua. Na akifa watu husema, si tuliwaambia, dripu imemwua. Hawasemi kuwa aliuawa na usiku mmoja wa kungoja.

Basi nyumba yenye mgonjwa huyu na inunue kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza. Si kitu cha bei kubwa, nacho katika wiki hizi kina faida kuliko matunda yote wanayoletewa wagonjwa. Kugusa paji la uso kwa kiganja hakutoshi. Apimwe anapohisi baridi, anapotetemeka, anapohisi mwili si wake. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, hapo hapo atoke kwenda hospitali, iwe ni saa nane ya usiku, iwe ni siku ya Idi. Wala asimeze kwanza parasetamoli ili homa ishuke, kwani homa itashuka kwa macho na maradhi yatabaki ndani, na daktari atamwona hana homa amrudishe. Na wako ambao vijidudu vimewaingia wala hawapandi homa, khasa waliomeza deksamethasoni; kutetemeka kwa baridi, kupumua kwa haraka, kuchanganyikiwa, au udhaifu wa ghafula, kila kimoja katika hivi chatosha kumpeleka.

Hospitali iliyo karibu huenda isiwe ile aliyopewa dawa. Wagonjwa wengi hutoka mikoa ya mbali, wakatibiwa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Kampala, kisha wakarudi kwao. Muuguzi wa zamu wa hospitali ya wilaya hajui kitu mpaka aambiwe. Kwa hiyo mlangoni tu aseme, au mwenye kumpeleka aseme, maneno haya matatu: ametiwa dawa ya saratani, ilikuwa siku fulani, sasa ana homa. Na aonyeshe karatasi zake. Anachohitaji ni kutazamwa mara moja, kupimwa hesabu ya chembe za damu, na kutiwa dawa ya kuua vijidudu katika mshipa bila ya kungoja majibu yote. Wakitaka kumpima malaria pia na wampime, kwani yaweza kuwamo. Lakini kipimo hicho kisichukue nafasi ya hayo mengine. Tunapenda karatasi hizo zikae katika mfuko mmoja, penye msumari nyuma ya mlango, na kila aliye mkubwa nyumbani ajue zilipo. Na nauli ya usiku iwekwe humo pamoja nazo.

Kinga za siku hizi si nyingi. Kunawa mikono kwa sabuni, mgonjwa na wanaomhudumia. Mayai yaive, nyama iive, maziwa yachemshwe, kachumbari ya mgahawani iachwe kwanza. Na wageni. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye, nasi hatuwezi kusema neno la kuipunguza. Lakini mwenye mafua, kikohozi au tumbo la kuharisha atimize haki hiyo kwa simu na kwa dua akiwa kwake. Nyumba ikijaa watu arobaini wa ukoo, wote wakimpa mkono na kumbusu, watu wa nyumbani wasione haya kuwaweka barazani na kumfikishia salamu. Mtu mmoja mzee wa heshima, shangazi au mjomba, akipewa kazi ya kulinda mlango, hapana atakayekasirika.

Vidonda vya kinywa hutokea mara nyingi katika wiki hiyo hiyo au kabla yake kidogo. Asukutue mara nne au zaidi kwa siku kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wengine hutia na soda ya kuokea mikate. Isije ikachanganywa na magadi ya kupikia maharage, ambayo ni makali na huunguza. Pilipili na ndimu ziwekwe kando. Mswaki wa mti tunaujua fadhila yake, lakini nyuzi zake ngumu huchoma ufizi uliolegea. Kwa siku hizi atumie mswaki laini wa dukani. Akiona utando mweupe kinywani, au akashindwa kumeza, aende akapewe dawa.

Nywele hazianguki siku ya kwanza. Huanza wiki ya pili au ya tatu, huonekana kwenye mto na kwenye kitana, kisha hutoka kwa mafungu. Nyusi na kope huweza kufuata. Mwanamume atasema ni nywele tu, zitaota. Na ni kweli zitaota, huanza kurudi kwa kawaida wiki chache mpaka miezi michache baada ya dripu ya mwisho, pengine kwa rangi au mkunjo mwingine. Lakini asiseme hivyo mbele ya mkewe siku hiyo. Wanawake wengi wametuambia kuwa siku ya nywele iliwauma kuliko siku ya kuambiwa maradhi. Baadhi hupenda kuzikata fupi mapema kwa mkono wao wenyewe ili zisiwatoke zikiwa ndefu. Mwenye kuvaa ushungi ana sitara yake tayari. Na juu ya nywele za bandia wanazuoni wana maneno yao, amuulize sheikh wake.

Uchovu hauonekani wala haupimwi, kwa hiyo ndio unaodharauliwa. Si uchovu wa mtu aliyelima akalala akaamka mzima. Huyu hulala na akaamka amechoka. Kazi za nyumba zigawanywe kabla, kwa majina, wala isitajwe kuwa "tutamsaidia". Nani atateka maji, nani atawaamsha watoto wa chuoni, nani atapika daku ikiwa ni Ramadhani. Mgonjwa mwenyewe atembee kidogo kila siku, hata kama ni mpaka kwa jirani na kurudi, kwani kulala mchana kutwa huuongeza.

Na tukitaja Ramadhani, wako wagonjwa, khasa wazee, wanaoficha dripu yao ili wafunge, au wanaoacha maji na vidonge mchana. Rukhsa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona ana hukumu yake ya fidia. Tumekwisha eleza kuwa dawa hii inataka maji mengi. Kufunga juu yake ni kujitia katika khatari ambayo sharia haikumtaka aingie. Sala asali kwa kukaa, na akishindwa kwa kulala. Na aliyekatazwa maji juu ya bandeji au jeraha amuulize mwanachuoni khabari ya kupangusa na kutayamamu. Mlango huu ni mpana, na inasikitisha kuona mtu akijibana mahali ambapo Mola wake amempanulia.

Neno la dawa za kienyeji tulitaka kulipita, lakini halipitiki. Yako maua ya waridi na meupe, asili yake Madagaska, ambayo huota katika mchanga wa pwani yetu na mbele ya nyumba nyingi. Katika mti huo ndimo ilimopatikana vinkristini, dawa ya saratani inayotumika mpaka leo. Wako waliosikia khabari hiyo wakaanza kuchemsha majani yake nyumbani. Wasifanye hivyo. Kilichomo ni sumu ile ile ya hospitali, ila hapa haikupimwa, na sufuria haijui uzito wa mtu. Kuhusu mwarobaini, habbasoda, asali na mizizi mingine, hatutaki kumgombeza mtu na mapenzi yake; twasema tu kwamba baadhi ya vitu hivyo huweza kulichosha ini au kugombana na dripu, basi daktari aambiwe kila kinachonywewa. Akikasirika, mgonjwa na avumilie ukali wake, maadamu amejua.

Siku ya dripu ya pili ikikaribia, damu hupimwa tena. Ikiwa chembe nyeupe hazijapanda vya kutosha daktari humrudisha nyumbani kwa wiki moja hivi, na huko si kukataliwa wala si dalili kuwa dawa imeshindwa. Mgonjwa aende na daftari dogo alilokuwa akiandika: siku gani alitapika na mara ngapi, alikula nini kikakaa, homa ilipanda lini, choo kilifunga siku ngapi, usingizi ulikuwaje. Asijibu "sijambo" kwa adabu, kama tulivyozoea kumjibu kila mtu. Ziko dawa nyingine za kuzuia kutapika zilizo na nguvu zaidi, kipimo chaweza kupunguzwa, ziko na sindano za kuusukuma uboho utoe askari upesi. Lakini daktari hatoi lolote katika hayo kwa mtu aliyemwambia kuwa hajambo. Na asiyeweza kusoma na kuandika, mtoto wake wa darasa la nne aweza kumwandikia kila jioni baada ya magharibi, mstari mmoja kwa siku.